Kikundi chetu kina wazee na vijana tu: watu wa katikati wamekwenda wapi?

Mlezi wa Kikundi, Walukuba (Jinja)

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ni mlezi wa kikundi cha ngoma na maigizo kinachofanya mazoezi mtaani Walukuba, hapa Jinja. Wanaoufahamu mtaa huu wanajua kwamba ulijengwa enzi za ukoloni kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani, na kwa kuwa viwanda hivyo vilivuta watu kutoka kila pembe ya nchi, hasa baada ya bwawa la Owen Falls kufunguliwa mwaka 1954, Kiswahili kikawa ndicho lugha ya kuombana chumvi na ya kugombania maji bombani. Ndiyo maana maigizo yetu tunayafanya kwa Kiswahili, na ngoma tunazocheza ni za makabila mengi: tamenhaibuga ya Wasoga, larakaraka ya Waacholi, akogo ya Wateso na nyinginezo. Hakuna anayelipwa mshahara. Kinachopatikana harusini au kwenye sherehe za wilaya hununua ngozi za ngoma na maleba kwanza, na kinachobaki, kikibaki, ndicho kinachogawanywa.

Jambo linalonishughulisha ni umri wa wanachama. Upande mmoja nina wazee waliovuka miaka 55, na upande wa pili nina vijana ambao wengi wao wako shuleni au wamemaliza shule juzijuzi. Kati ya miaka 30 na 50 sina mtu, isipokuwa mpigaji mmoja wa engalabi, ile ngoma ndefu, ambaye huja akipata nafasi. Wazee hufika mapema, hukaa alasiri nzima ya Jumamosi, na wanaamini kwamba ngoma haijafanyiwa mazoezi mpaka ichezwe tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa. Vijana hujaa siku ambayo kuna jambo la kurekodiwa. Hutaka kipande cha nusu dakika kirudiwe mpaka kikae sawasawa kwenye simu, wanakiweka TikTok, na juma linalofuata wanataka kipande kingine. Wazee wanalalamika kwamba ngoma inakatwa vipande kama nyama ya mzani, nao vijana wanalalamika kwamba wanapotezewa muda. Juu ya hayo, hakuna kikao kinachomalizika bila suala la nauli: vijana wanaiulizia waziwazi, na wazee wanaona aibu hata kulisikia swali lenyewe.

Ninachotaka kujua ni hiki. Je, tofauti hizi ni za umri, ambazo zitakwisha vijana hawa wakishakua, au ni za kizazi, ambazo watabaki nazo hata wakiota mvi? Na hao wa katikati wako wapi? Nawaomba tusigeuze mjadala kuwa wa kuwalaumu vijana, kwa kuwa hayo nayasikia kila Jumamosi.

Mwalimu Mstaafu, Iganga

Ndugu Mlezi, umeuliza kama ni umri au ni kizazi. Mwanasosholojia Karl Mannheim aliandika mwaka 1928 kwamba kuzaliwa katika miaka inayokaribiana hakutoshi kuwafanya watu kuwa kizazi kimoja. Kinachowaunganisha ni mambo makubwa waliyoyapitia pamoja walipokuwa wakiinukia. Kwa Uganda kipimo hicho kinafaa kuliko kuhesabu miaka ya mtu, kwa sababu mambo makubwa yetu yalikuja kwa ghafla, yakafunga na kufungua milango ya sanaa katika tarehe zinazojulikana.

Chukua bigwala, huku kwetu Busoga. Ni tarumbeta za vibuyu, tano au zaidi, na kila moja hutoa sauti moja tu, kwa hiyo wimbo hupatikana pale kila mpigaji anapoingiza sauti yake katika nafasi yake. Hakuna awezaye kujifunza bigwala peke yake chumbani. Zilipigwa katika shughuli za kifalme, kama vile kutawazwa na mazishi. Falme zilipofutwa mwaka 1967 shughuli hizo zilikoma, na sheria haikuzirejesha hadi mwaka 1993, yaani miaka 26 baadaye. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mlango ulipofungwa alikuwa na miaka 36 ulipofunguliwa, ana kazi, ana watoto, na hajawahi kushika kibuyu mkononi. UNESCO ilipoiingiza bigwala mwaka 2012 katika orodha ya urithi unaohitaji kuhifadhiwa kwa haraka, waliobaki wakiijua ipasavyo walikuwa wazee wachache mno. Vijana waliofundishwa baadaye walianzia shambani, kuotesha vibuyu vyenyewe, na walifundishwa na watu wa umri wa babu zao, huku baba zao wakiwa watazamaji. Ukiitazama kwa makini, Ndugu Mlezi, hiyo ndiyo picha ya kikundi chako.

Lakini bigwala haielezi kila kitu, kwa kuwa Walukuba hamkuwa na mfalme. Wakubwa kabisa kati ya wazee wako waliinukia katika kipindi ambacho sanaa ilikuwa na heshima ya uhuru mpya. Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza ulifunguliwa Kampala mwaka 1959, na katika miaka ya 1960 serikali iliunda kundi la taifa la ngoma lililokusanya wachezaji wa makabila mbalimbali jukwaa moja. Fikra kwamba Msoga anaweza kucheza larakaraka, na Mwacholi akacheza bakisimba ya Waganda, ndiyo fikra ya kipindi hicho, na ndiyo ambayo wazee wako bado wanaiishi bila kuitaja. Waliowafuata walikuta mambo mengine. Byron Kawadwa, mwandishi wa michezo aliyekuwa akiongoza ukumbi huo wa taifa, aliuawa mwaka 1977, muda mfupi baada ya kurudi kutoka kwenye tamasha kubwa la sanaa lililofanyika Lagos. Mzazi aliyesikia habari hiyo hakuhitaji kuambiwa na mtu kwamba mtoto wake akae mbali na maigizo.

Sasa nije kwenye shule, ambako nimefanya kazi karibu maisha yangu yote. Mashindano ya shule ya muziki, ngoma na maigizo ndiyo kiwanda kikuu cha wachezaji wetu wa leo. Mtoto hufundishwa ngoma na mkufunzi aliyekodiwa, anaicheza kwa muda uliopangwa, mbele ya waamuzi wenye karatasi za alama. Vijana wako hawakuanza kuikata ngoma vipande walipopata simu. Waliipokea ikiwa imekwisha kukatwa, na ni sisi walimu tuliowakatia. Jambo zito zaidi ni kwamba mlango huu hufungwa siku mtoto anapomaliza shule, kwa sababu nje ya hapo hakuna mashindano, hakuna mkufunzi na hakuna ukumbi. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi una masomo manne, na ngoma si mojawapo. Elimu ya msingi ilipofanywa kuwa bure mwaka 1997, idadi ya wanafunzi iliruka ndani ya mwaka mmoja kutoka takriban milioni tatu hadi zaidi ya milioni tano, na katika madarasa yale yaliyofurika, mimi nikiwa ndani yake na chaki mkononi, jambo la kwanza kuachwa lilikuwa lile lisilotahiniwa. Hao waliokuwa darasani wakati ule ndio sasa wana miaka thelathini na kitu.

Marekani, ambako uchunguzi wa kitaifa kuhusu ushiriki wa watu wazima katika sanaa umekuwa ukifanywa tangu mwaka 1982, wachambuzi wameona tena na tena kwamba mtu aliyefundishwa sanaa utotoni ana uwezekano mkubwa zaidi wa kushiriki akiwa mtu mzima. Sisi tuna mafunzo ya utotoni kwa baadhi ya watoto, ila hatuna mahali pa kuyapeleka baadaye. Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vijana wako hawatageuka kuwa wazee wako. Watageuka kuwa watu wa miaka 40 wasiokuja, usipofanya jambo.

Mchezaji, Makindye (Kampala)

Mwalimu, nakushukuru kwa maelezo, na Mzee Mlezi, nakuomba radhi mapema kama nitasema jambo litakaloonekana kukosa adabu. Nina miaka 22, na ninacheza katika kikundi cha mtaani ambacho nacho ni cha ridhaa.

Kuhusu simu, wazee hudhani kwamba tunarekodi kwa sababu ya majivuno. Kwa kweli hiyo ndiyo hadhira tuliyo nayo. Ukumbi unalipiwa, jukwaa linalipiwa, na harusini hatualikwi kama hatujulikani. Watoto wa kundi la Ghetto Kids walianza kujulikana mwaka 2014 kwa kucheza tu mbele ya kamera, huku mitaani kwetu, na mwaka 2023 walifika fainali ya shindano kubwa la vipaji la televisheni nchini Uingereza. Kijana wa Uganda akiwaona, hawezi kuambiwa kwamba kipande kifupi ni mchezo wa kitoto. Na si jambo la bure kwetu. Kuanzia Julai 2018 tulilipa shilingi 200 kila siku ili kufungua mitandao ya kijamii, na Julai 2021 kodi hiyo iliondolewa ikaletwa nyingine ya asilimia 12 juu ya data. Mtu anayelipa kodi ili aonyeshe ngoma ya kabila lake hastahili kuitwa mvivu.

Tofauti kubwa ninayoiona iko katika namna ya kujifunza. Katika vikundi vya wazee ujuzi hushuka: mzee anajua, kijana anapokea, na swali huonekana kama upinzani. Sisi tumezoea ujuzi unaokwenda pembeni. Tangu mwaka 2006 hapa Kampala kumekuwa na madarasa ya brekidansi yasiyo na ada, ya Breakdance Project Uganda, ambayo msingi wake ni kwamba aliyejifunza hatua leo anamfundisha mwenzake, hata kama mwenzake ni mkubwa kwake. Aliyelelewa hivyo akiingia mahali ambapo haruhusiwi kugusa ngoma mpaka atumikie kwanza kubeba viti, hatabaki, na hataaga.

Nauli nayo haihusiani na tabia mbaya. Mzee anakaa hatua chache kutoka ukumbini, katika nyumba aliyoingia akiwa mfanyakazi wa kiwanda. Mimi nimepanga mbali kwa sababu huko ndiko kodi ninaiweza, na bodaboda ya kwenda na kurudi inamaliza pesa ya chakula cha siku. Nikiuliza nauli nauliza kama nitaweza kuja tena.

Naomba niongeze jambo moja ambalo Mwalimu hakuligusa. Shule zilifungwa Machi 2020 na hazikufunguliwa kikamilifu hadi tarehe 10 Januari 2022. Waliokuwa na umri wa kuingia katika ngoma za shule wakati huo hawakuingia. Wadogo zangu wawili wako katika kundi hilo: wanajua kucheza kwa kufuata kioo cha simu, lakini kupangwa mstarini, kusubiri ngoma ikuite, kumtazama mwenzako wa kushoto, hayo hawakuyapata. Mzee Mlezi akiona vijana wake wa miaka 15 na 16 hawafanani na wa miaka 20, asidhani ni macho yake.

Mama wa Alto, Mbale

Nimewasoma wote kwa makini, na nimetabasamu kidogo, kwa sababu mmemtafuta mtu wa katikati katika falme, katika vita vya siasa na katika mitihani, na hakuna aliyemuuliza. Mimi hapa. Nina miaka 41, nina watoto wanne na kibanda sokoni.

Jumamosi alasiri ndipo soko linapochangamka. Mlezi, umeweka mazoezi katika saa ambazo mtu wa umri wangu anatafuta karo, kisha unauliza amekwenda wapi. Wazee wako wana Jumamosi kwa sababu wamestaafu, na vijana wanayo kwa sababu hawajaajiriwa. Hiyo si tofauti ya kizazi hata kidogo. Ni hatua ya maisha, na wazee wako pia walipitia hapo. Waulize kama walicheza wakiwa na watoto wachanga. Wanaume watasema ndiyo. Waulize wake zao.

Tena si kweli kwamba watu wa umri wetu hatufanyi sanaa. Njoo kanisani kwetu utuone: sauti ya kwanza na ya pili zimejaa wanawake wa miaka 35 hadi 50, na tunaimba nyimbo ngumu, zikiwemo za Joseph Kyagambiddwa, aliyetunga muziki mkubwa wa Mashahidi wa Uganda uliotolewa mwaka 1964 walipotangazwa watakatifu. Nenda kwenye msiba, nenda kwenye sherehe ya kumtambulisha mchumba, tazama ni nani anayeongoza nyimbo. Tunakwenda mahali ambapo sanaa imefungamana na jambo ambalo tungelihudhuria hata kama kusingekuwa na wimbo. Kikundi chenye sanaa peke yake kinanidai nieleze nyumbani kwa nini natoka, na kwa mwanamke aliyeolewa maelezo hayo si mepesi. Mtu akiniona natoka jioni kwenda kwaya, hakuna anayeuliza. Nikitoka jioni hiyohiyo kwenda kwenye maigizo, majirani wawili watauliza kabla sijafika njia kuu.

Ndiyo maana imbalu, yaani jando la kwetu Bugisu, haina shida mnayoizungumzia. Hufanyika kila baada ya miaka miwili, katika miaka ya 2022, 2024, 2026 na kuendelea, na huzinduliwa mwezi wa Agosti katika uwanja wa Mutoto. Kijana anayetahiriwa hucheza akiwa na njuga, akizunguka kwa jamaa zake siku kadhaa. Ngoma za kadodi zinapigwa na watu wazima wenye nguvu. Shangazi na mama huitikia. Wazee humwonya na kumsimulia ukoo wake. Kila rika lina kazi ambayo rika jingine haliwezi kuifanya, na kwa hiyo hakuna anayeuliza kama anatakiwa. Katika kikundi chako, kazi ya mtu wa miaka 40 ni ipi hasa?

Na kuhusu Kiswahili, naomba unisamehe nikisema wazi. Wazazi wetu wengi walikisikia Kiswahili kwenye vizuizi vya barabarani, kutoka kwa askari, na sisi tulikua tukiambiwa kwamba ni lugha ya amri na ya wezi. Watoto wetu wamekipata kwenye nyimbo za Tanzania, na tangu Baraza la Mawaziri lilipoamua mwaka 2022 kwamba kifundishwe shuleni kwa lazima, wanakiona kuwa ni somo kama masomo mengine. Maigizo ya Kiswahili huwavuta wazee waliofanya kazi viwandani na vijana wanaosikiliza muziki. Sisi wa katikati ndio tuliobaki na kinyongo, ingawa mimi mwenyewe nakiandika, kama mnavyoona.

Mpiga Embuutu, Masaka

Sitakuwa na maneno mengi. Nakubaliana na kijana wa Makindye kuhusu nauli na kuhusu viti, ila katika suala la simu kuna jambo ambalo yeye, kwa kuwa ni mchezaji, hawezi kuliona kutoka mahali anaposimama.

Katika bakisimba mpigaji na mchezaji hufuatana. Mimi humtazama kiuno na miguu, nikiona anataka kugeuka nampa ishara kwa mkono wa kulia, naye akinisikia nabadilisha anabadilika. Hiyo ndiyo ngoma. Kipande cha simu huwekewa sauti iliyorekodiwa mahali pengine, na mchezaji hufuata sauti ambayo haiwezi kumfuata yeye. Hatua zinaonekana sawa kabisa, lakini mpigaji ameondolewa na hakuna aliyetambua. Matokeo yake ni kwamba vikundi vingi ninavyotembelea vina wasichana na wavulana wengi wanaocheza vizuri, na wapigaji ni watu wenye mvi. Nikifa mimi na mwenzangu wa ngoma ya empuunyi, vijana hao watacheza na redio.

Kwa hiyo mlezi asihesabu tu ni vijana wangapi wanaokuja. Ahesabu ni wangapi wameketi nyuma ya ngoma. Na kama kuna mzee anayeficha fimbo za kupigia, mimi nitakuwa wa kwanza kumlaumu, kwa kuwa mtoto hawezi kujifunza kwenye ngoma iliyofungiwa ndani kwa kufuli.

Msomaji wa Gulu

Naongeza la kwetu kwa ufupi. Huku kaskazini mnaposema kizazi cha katikati kimekosekana, sababu si ratiba. Wakati wa vita vya serikali na waasi wa LRA watu wengi sana waliishi kambini kwa miaka, na kukiwa na marufuku ya kutembea usiku, wang oo, yaani moto wa jioni ambao wazee waliuzunguka na watoto kusimulia na kuimba, ulizimika katika familia nyingi. Bwola, ngoma ya heshima ya watu wazima inayochezwa mbele ya rwot, yaani chifu, ilihitaji ruhusa na uwanja. Larakaraka, ambayo ni ya vijana kutafutana, ilihitaji vijana walio huru kwenda kijiji cha jirani. Kambini vyote hivyo havikuwepo. Kilichobaki ni shule: mwaka 2005 watoto wa shule ya msingi ya Patongo, wakiishi kambini, walifika mashindano ya taifa Kampala, wakacheza mpaka bwola. Ngoma ya wakubwa ilihifadhiwa na watoto. Sasa watoto hao ni watu wa miaka thelathini na kitu, na baadhi yao ndio wanaowafundisha wazazi wao mpangilio wa mistari. Mwalimu wa Iganga aliposema ujuzi umeruka kizazi, huku kwetu wakati mwingine umerudi nyuma, na hatulioni kuwa jambo la aibu.

Mlezi wa Kikundi, Walukuba (Jinja)

Nawashukuru wote. Nimewasomea wazee majibu haya kwa sauti, isipokuwa aya moja ya Mama wa Alto kuhusu wake zao, ambayo mzee mmoja alitaka isomwe tena na wengine wakakataa.

Kikao kimekubali mambo machache ya kujaribu. Mazoezi ya Jumamosi yatabaki kwa wazee na vijana, lakini tutaongeza jioni moja ya katikati ya juma itakayokuwa ya maigizo tu, fupi, karibu na soko. Funguo za chumba cha ngoma zitashikwa na watu wawili, mmoja akiwa chini ya miaka 25. Mzee wetu mmoja mpiga ngoma amekubali kurekodiwa akipiga na akieleza ngoma nzima bila kukatwa, kwa sharti kwamba rekodi hiyo isiwekwe mtandaoni kabla yeye mwenyewe hajaiona, na kwamba vipande vifupi vya vijana virekodiwe akiwa anapiga yeye, si redio. Kuhusu nauli tulibishana mpaka giza likaingia. Tumeafikiana kwamba itatoka kwenye malipo ya harusi kabla ya mgawo, kwa anayetoka mbali, awe kijana au mzee, na mzee mmoja amejiandikisha papo hapo, kwa kuwa kumbe alishahamia kwa mwanawe kule Bugembe na alikuwa akitembea kwa miguu bila kusema.

Swali la kazi ya mtu wa miaka 40 ndilo lililotushinda. Kwa sasa tumefikiria kuwaomba waandike na kuongoza maigizo, kwa sababu wao ndio wanaojua bei za vitu, waume, wake na wakwe, na maigizo yetu yanahusu hayo. Mama wa Alto, nina swali moja kwako: hao akina mama wa sauti ya kwanza na ya pili huwaacha na nani watoto wakati wa mazoezi?

Mama wa Alto, Mbale

Hatuwaachi na mtu, tunakuja nao. Hukaa kwenye benchi la nyuma, na mtoto akilia hutolewa nje na yeyote aliye karibu na mlango, hata akiwa mwanamume wa sauti ya nne. Wawili kati ya waimbaji wetu wapya walianzia kwenye benchi hilo. Ila, Mlezi, kabla hujaitangaza jioni hiyo ya katikati ya juma, ulizia kwanza mnada wa huko kwenu huwa siku gani.